Mbuzi Isiyo na Pembe

Mukwe wangu Ezéchiel alikuwa fundi wa saa. Alikuwa na meza ndogo chini ya baraza la duka moja kule Nyawera, na kioo cha kubana kwenye jicho, na watu wa biro za serikali na walimu wa Bukavu walimuletea saa zao zilizokufa. Alizaliwa Kavumu, mutoto wa walimaji, lakini mikono yake haikuwa ya jembe. Ilikuwa mirefu na laini. Siku alikuja kuposa binti yangu Carmel, niliangalia ile mikono nikasema moyoni: huyu hatachimba hata kiazi. Carmel akamupenda na mikono yake hivyo hivyo.

Kwetu Mumosho, katika ukoo wetu, mama mukwe na mukwe wanaheshimiana sana. Hanioni nikitafuna, na mimi simuoni akitafuna. Chungu yenye mimi nitakulia, yeye haweki mudomo, hata ncha ya kijiko. Hiyo heshima inalegezwa siku moja tu, siku mukwe analeta mbuzi ya kufungua kinywa. Basi munaketi, munakula pamoja, na kutoka hapo munakuwa watu wa nyumba moja. Mbuzi ya Ezéchiel ilikuwa njiani wakati vita ya pili ya Kongo ilianza, ile ya mwaka wa tisini na nane. Ilifika kwenye kizuizi cha askari, ikaishia hapo. Askari wa upande gani, sijui. Wakati ule mutu hakuulizaka.

Mwezi wa kumi, Mumosho ikawa mbaya. Nilishuka na kupanda vilima pamoja na wengine, nikaanguka karibu na mutaro, muguu ukavimba kama boga. Nikafika Cimpunda, mutaa wa Bukavu, na fimbo, kwenye nyumba ya mbao ya Ezéchiel na Carmel, pale juu kwenye mutelemuko. Wakanipa chumba cha nyuma, chenye kinagusana na jikoni. Kati yangu na jikoni kulikuwa mbao tu, na katika mbao kulikuwa nafasi za kupitisha kidole. Nikatundika kikwembe changu cha kujifunga juu ya zile nafasi. Heshima ni heshima hata vitani.

Waporaji walikuwa wamekwisha kupita mule. Walichukua sufuria zote, wakaacha moja yenye sikio limevunjika, na babula moja ya makala, lile jiko la makaa. Lakini udongo hawakuubeba. Nyuma ya nyumba Carmel alikuwa amepanda maharagi mwezi wa tisa, mustari mumoja kandokando ya ukuta, na maboga, na migomba mitatu iliyozeeka pale. Mimi nilipofika nilisema kipande cha chini kisikae bure, nacho kipandwe maharagi. Nikaketi kwenye kiti mulangoni, uso nimegeuza upande wa ziwa, nikawa ninamupa mukwe wangu maneno ya kulima bila kumuangalia. Alilima. Vibaya, lakini alilima.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja Carmel akazaa mutoto mwanaume, Akonkwa. Alizaa kwa shida, muuguzi akasema alale, asiinue hata ndoo. Sasa nani atapika? Kwa kawaida ni mama wa binti, ndiyo kazi yangu, nilizaliwa ninaijua. Lakini sikuweza kuchutama mbele ya moto, muguu ulikataa. Wadada wa Ezéchiel walikuwa Kavumu na barabara ya Kavumu ilikuwa imefungwa. Akabaki yeye.

Mwanaume wa Kishi, kabila letu, jikoni, watu walifurahi sana. Jirani yetu Clémence, mwanamuke wa sauti kubwa mwenye kuuza majani sokoni Kadutu, alipita kila asubuhi akimuuliza kama amevaa kikwembe upande gani, au kama sasa tumuite maman Ezéchiel. Yeye aliwasha makala, akangoja sauti yangu itoke kwenye mbao.

Nilimufundisha yote. Nilisema: shuka kwenye kipande cha chini, chuna majani ya maharagi, yale madogo ya juu tu, mushogoro laini. Mustari wa ukutani usiuguse, ule umekwisha kufunga, tutakula maharagi yake. Alichuna jani moja moja, akiligeuza kwenye mwanga kama gurudumu la saa, na mimi nilisikia jua linapanda na sufuria bado iko tupu. Nilisema: chemsha, mwaga maji ya kwanza, weka kitunguu, weka mawese, na kama wavuvi walitoka, weka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Nilisema uji wa mutama wa muzazi unakorogwa mpaka mukono uchoke. Kila kitu nilisema. Chumvi peke yake sikuisema, kwa sababu mutu hapimii mwengine chumvi kwa mudomo. Mupishi anaionja mwenyewe.

Na yeye hakuweza kuonja. Ilikuwa chungu yangu.

Siku ile ya kwanza aliweka sahani mulangoni, akakohoa, akaondoka. Nikavuta sahani. Bugali ilikuwa nzuri. Mushogoro ulikuwa na rangi nzuri. Nikaweka mudomoni, machozi yakanitoka. Chumvi ilikuwa ya kulisha ngombe wa kilima kizima. Sasa mama mukwe atasema nini? Mukwe amekupikia kwa mikono yake, katika vita, na wewe umutukane chakula? Habari ile ingefika Kavumu mbele ya siku kuisha, hata na barabara imefungwa. Nikameza. Nikasema kwenye mbao:

«Mukwe wangu, asante. Umepika vizuri.»

Nikasikia ameshusha pumzi. Na hapo ndipo kazi iliharibika, kwa sababu fundi wa saa akipata kipimo kinachotembea hakibadilishi tena. Kesho yake aliweka kijiko kile kile, kimejaa mulima ule ule. Na kesho kutwa vile vile. Yeye mwenyewe hakula chakula kile. Aliogopa hakitatutosha, akawa anachoma mateke, yale magimbi, kwenye majivu na kuyala nje, amenipa mugongo, ameangalia bonde. Carmel naye alinyamaza. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba bwana wa fulani na bwana wa fulani hawajawahi kupikia bibi zao hata maji, na yeye hatamuvunja Ezéchiel moyo. Alikuwa anakula matonge mawili, anasukuma sahani, anakunywa maji.

Mutu akila matonge mawili, maziwa yatatoka wapi? Akonkwa alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Kilio chake kilianza kuwa chembamba. Muuguzi alimubeba, akasema mama ale, ale sana, hakuna dawa ingine. Mimi nilikaa nyuma ya kikwembe changu nikihesabu namna ya kusema bila kusema. Sikuipata. Nilimuomba Mungu chumvi iishe sokoni. Haikuisha.

Ni Clémence alitupasulia jipu. Alikuja kumuona mutoto, ameleta biringanya kwenye kikapo, na Ezéchiel kwa adabu yake akamupakulia sahani. Clémence akapiga tonge moja. Akaacha kutafuna. Akauangalia mushogoro, akamuangalia Ezéchiel aliyesimama mulangoni na mwiko.

«Ezéchiel, hawa wamama unawalisha ao unawatengeneza makayabu? Ile samaki ya chumvi inaletwa mbali sana, wewe umeamua kuifanyia hapa?»

Carmel akacheka. Alijaribu kujizuia akashika tumbo, bado lilimuuma, akacheka vile vile. Mimi nyuma ya mbao nilibana mudomo na kikwembe. Ezéchiel aliuliza pole pole kama ni kweli. Carmel alifuta machozi ya kicheko, naye akaelewa. Akasema yeye hawezi kuonja chungu ya mama, na kama ni hivyo ataacha, afadhali wapike watu wengine. Clémence akasema wengine ni nani, yeye yuko sokoni kutwa. Kisha akageuza ile sauti yake kubwa upande wa mbao zangu, akanipa shauri nimufungulie mukwe kinywa, tumalize.

«Bila mbuzi?» nikasema.

Carmel ndiye alijibu, kutoka kitandani, na hakuwa anacheka tena.

«Mama, mbuzi ililiwa na askari. Mutoto wangu atanyonya heshima?»

Mimi si mutu wa kugeuzwa na binti yangu mbele ya jirani. Clémence akaaga, akaacha biringanya zake. Ezéchiel akatoka nyuma ya nyumba, nikafikiri amekwenda kukasirika. Nilibaki na Carmel na kile kilio chembamba. Nilitazama kikwembe kwenye mbao, nikamutazama mutoto, nikatazama tena kikwembe. Mimi nilikitundika. Mwengine hakuwa na ruhusa ya kukishusha.

Jua lilikuwa limeipa Rwanda mugongo, kivuli cha nyumba kimefika kwenye migomba, wakati nilisikia anakohoa mulangoni mwangu. Sikusikia sahani. Nilisikia kitunga kinawekwa chini. Nikafungua mulango kidogo. Alikuwa amepiga magoti, macho chini, na kati yetu kulikuwa kitunga cha maharagi mabichi ya ule mustari wa ukutani, ya kwanza ya mwaka, amekwisha kuyamenya. Meupe yenye mistari myekundu, bado yenye maji, yanang'aa. Hakukuwa hata moja lenye tundu. Alikuwa ameyachagua na kile kioo chake cha jicho, alama yake bado ilionekana chini ya nyusi.

«Mama,» akasema, «hii si mbuzi, ninajua. Ni maharagi ya kwanza. Ndiyo yenye niko nayo, na muliyalinda ninyi wenyewe.»

Nikaacha akae vile kidogo. Mutu asizoee kupata kitu mbio.

«Iko na pembe?» nikauliza.

Hakujua kama ni ruhusa kucheka. «Hapana, mama.»

«Vizuri. Ile yenye pembe ilifuata askari. Hii isiyo na pembe ilibaki nyumbani. Ingiza.»

Nikaenda mwenyewe na fimbo yangu, nikaangusha kikwembe. Tulikaa jikoni, mimi kwenye kiti, yeye mbele ya babula, na kwa mara ya kwanza nikamuona uso akifanya kazi. Tulipika maharagi mabichi na ndizi za kwetu, biringanya za Clémence, boga kipande, mawese kidogo. Maharagi mabichi hayakawii, yanaiva wakati unamaliza kumenya ndizi. Wakati wa chumvi alichukua kile kijiko chake, akakijaza mulima, nikamugonga mukono na fimbo. Akapunguza. Nikasema onja.

Akachota, akapuliza, akaweka mudomoni mbele yangu. Akafunga macho, ameinamisha kichwa upande mumoja kama vile anasikiliza saa.

«Inaomba kidogo,» akasema.

«Kidogo sana. Usiikorofishe.»

Akaonja tena. Akaonja mara nyingi kupita haja, nikamuambia hii ni chungu ya muzazi, si yake. Tukala wote watatu mule ndani, mimi ninatafuna na yeye anatafuna, na wala paa halikuanguka. Carmel alimaliza sahani, akaomba ingine, akafuta sufuria na bugali. Alikula vile siku iliyofuata na nyingine, na uji wa mutama katikati, mpaka asubuhi moja aliamuka kikwembe chake kimelowa maziwa na Akonkwa amelala, amenenepa mashavu, hahitaji mutu.

Clémence alitangaza Cimpunda nzima kwamba yule muzee wa Mumosho amelegea. Sikulegea. Mukwe alileta, mimi nilipokea, desturi ilitimizwa. Kama kuna mutu wa ukoo wetu anasema maharagi si mbuzi, aje aniambie uso kwa uso.

Vita ilipopoa na barabara ikafunguka, Ezéchiel alikwenda Kavumu akarudi na mbuzi ya kweli, dume nyeusi yenye pembe mbili, anataka kunipa. Nilimuambia airudishe, ya kwangu nilikwisha kula. Akakataa, naye siku hizi amejifunza ubishi, sijui kwa nani. Akaifunga nyuma ya nyumba. Ikakata kamba, ikashuka kwenye kipande cha chini, ikakula mushogoro wote mpaka kwenye mashina.

«Unaona sasa,» nikamuambia. «Ile isiyo na pembe ndiyo ilikuwa na adabu.»