Rupia Zilizong'aa Mnadani

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo, upande wa kupima ubora. Nilipostaafu nilihamia Iringa mjini na ugonjwa mmoja tu, kupenda noti za zamani. Mwenzangu katika mambo hayo alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa pale pale Iringa. Yeye alikusanya vito vya kale, hasa bangili za fedha. Tukisikia kuna mnada, tunakwenda pamoja kwa gari lake.

Siku hiyo mnada ulikuwa Mbeya, kwenye ukumbi wa hoteli. Asubuhi tuliruhusiwa kukagua mali. Nilikwenda moja kwa moja kwenye noti za rupia za wakati wa Mjerumani, zile zilizochapishwa huku huku nchini wakati wa vita. Zilikuwa saba, zimechakaa kama inavyotakiwa. Nikatoa tochi yangu ya mwanga wa zambarau, kama ile ya kukagulia noti madukani. Karatasi ya zamani ukiimulika hubaki imefifia tu. Hizi ziling'aa kama shati jeupe lililotoka kufuliwa. Ilikuwa karatasi ya juzi, imelowekwa kwenye chai.

"Umeona nini, mama?"

Nyuma yangu alisimama mwanamume mwenye koti la ngozi. Nilikuwa nimemwona akisaini kwa dalali. Ndiye mwenye mali.

"Naangalia tu."

"Basi ishia hapo hapo kwenye kuangalia." Akatabasamu. "Lile gari la buluu nje ni lenu, eh? Nimesikia mmetoka Iringa. Ni mbali."

Niliizima tochi nikaitia mkobani. Nilikwenda kukaa kwenye kiti changu. Zile rupia zilipopandishwa mezani, mwalimu mmoja kijana aliyekaa mbele yetu, aliyekuwa ametuambia anakusanya noti za kuwaonyesha wanafunzi wake, akapandisha dau, akapandisha tena, akazipata. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, kwa sababu mwenye koti alikuwa akinitazama.

Nikamshika mwenzangu kiwiko. "Kaka, tuondoke. Siko sawa."

"Bangili bado hazijafika, dada."

"Tuondoke."

Baada ya Uyole nikaona gari jeupe nyuma yetu. Tukipunguza mwendo, nalo linapunguza. Tukiongeza, linaongeza. Likatufuata mpaka Igurusi. Hapo nikamwomba asimame kwenye vibanda vya mchele. Gari jeupe nalo likasimama. Nikafunga mlango kwa ndani. Mwenzangu akanishangaa.

Kutoka gari lile akashuka mama mmoja na kanga yake kiunoni, akaanza kubishana na muuzaji bei ya mchele.

Nililia kama mtoto. Ndipo nikamweleza yote.

Hakunipa pole. Aliuliza, "Na yule mwalimu?"

Nikamsihi asifanye lolote. Akatoa simu, akampigia dalali, akaweka sauti ya juu. Alipomweleza nilichokiona kwenye zile rupia, dalali akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikajua yeye na mwenye koti lao moja. Nilinyoosha mkono nikate simu, lakini dalali akaendelea, "Nauliza kwa sababu nahitaji shahidi. Hela za mwalimu bado ninazo. Mama, unaweza kurudi uyaseme hayo mbele ya mwenye mali?"

Mwenzangu hakunisukuma. Sijui nilipata wapi ile ndiyo. Ilitoka ndogo, hata dalali akaniomba niirudie. Njia yote ya kurudi nilikuwa naomba tupate pancha.

Hatukumkuta mwenye koti. Dalali alipomwambia asubiri kidogo kuna mtu anakuja, alisema anakwenda kuvuta sigara, hakurudi tena. Nilimulika rupia zote saba mbele ya mwalimu na polisi walioitwa na dalali. Mwalimu akarudishiwa hela zake, akanishukuru mara nyingi mno, nami sikuweza kumtazama machoni. Hakujua kwamba nilikuwa nimempigia makofi.

Huyo mtu hajakamatwa hadi leo. Jina alilosaini halikuwa lake. Mimi bado nakwenda minadani, lakini naketi karibu na mlango, na sisemi tena natoka wapi. Wiki iliyopita sokoni Iringa mtu mwenye koti la ngozi aliniuliza saa. Niliacha kapu langu la nyanya pale pale, nikaondoka.