Msikiti Niliouchora kwenye Kompyuta

Nichekeni, lakini taratibu. Shule niliiacha darasa la nne, enzi za kupanga foleni ya sabuni, na leo nusu ya nyumba za Maramba ni mkono wangu. Basi kamati ya msikiti ilipotafuta fundi, na mshindani wangu akawa injinia wa mjini, nikasema huyu namzika. Nikajifunza mtandaoni kuchora jengo kwenye kompyuta, jengo unalolizungusha na kuingia ndani. Mwalimu wa video alisema jengo lenye pande zinazofanana unachora nusu tu, kisha unaiamuru mashine inakili nusu ya pili, kama kwenye kioo. Masomo yaliyobaki sikuyafungua. Ya nini?

Siku ya kamati nikawasha. Msikiti ukazunguka, madirisha yamepangana kama meno ya bi harusi. Wazee wakaguna kwa raha.

“Hivi ndivyo wanavyofanya wanaojua,” nikasema, nikimtazama injinia.

“Mashallah,” akasema Sheikh Mbwana, imamu wetu. “Hebu tuingize ndani.”

Nikaingia kwa mbwembwe. Mbele mihrabu, pale anaposimama imamu, nakshi tupu. Nikageuza picha niwaonyeshe mlango.

Mlango haukuwapo. Palikuwa na mihrabu nyingine.

Bi Mwanaidi, aliyetoa kiwanja, akasogeza miwani. “Fundi, mwanangu, sasa imamu atasimama wapi?”

“Maimamu wawili, bibi,” akadakia Sheikh. “Tutaswali tukitazamana. Na kuingia tutapitia dirishani.”

Injinia alikuwa hajafungua mdomo, na kazi tayari ilikuwa yake.