Tasbihi ya Salem

Hapakuwa na muuza vitenge katika mtaa wa Nyakabiga, Bujumbura, aliyesifika kwa kumcha Mungu kama Salem. Watu waliliona jambo hilo kwa macho yao. Mnunuzi angekuwa katikati ya kupatana bei, sauti zimepanda, na ghafla Salem angenyamaza, akachomoa tasbihi mfukoni, akafumba macho, akaegemea meza na kuanza kuvuta punje, midomo ikichezacheza. Jasho jembamba lingemtoka usoni. Mnunuzi, hata akiwa mlokole wa mtaa wa Kinama, angeona haya. Nani agombanie kitenge na mtu anayezungumza na Mola wake? Angelipa bei aliyotajiwa na kuondoka kwa kunyata.

Ukweli ni kwamba ulikuwa moyo. Kwa miaka mingi moyo wa Salem ulikuwa na tabia ya kutimua mbio bila kuaga, kama cherehani iliyonasa kanyagio, kisha kutulia upendavyo. Aliyejua ni mkewe peke yake, Ghanima, naye aliapishwa asiseme.

"Mama Maha, mufanyabiashara mugonjwa ni mutu wa kuonewa," Salem alimwambia.

"Na mufanyabiashara maiti je?"

Ghanima ndiye aliyesikia kwamba Daktari Gaspard, Mrundi aliyesomea moyo ng'ambo, amekuja na wenzake katika kliniki moja ya mjini kujaribu kama tiba mpya inaweza kufanyika hapa. Mrija mwembamba kama waya hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, ukatafuta pale ambapo umeme wa moyo hupitia njia ya panya, na hapo pakachomwa kwa joto, njia ikazibwa. Ghanima alimwandikisha mumewe kabla hajapata nafasi ya kukataa.

Masharti yalikuwa mepesi. Salem aache vidonge vyake wiki nzima kabla ya siku yake.

"Lazima tuuone moyo ukikosa adabu, mzee," Gaspard alimweleza. "Tukiukuta umetulia, hatujui pa kuchoma. Na sisi Jumamosi ya wiki ijayo tunaondoka."

Salem alisikia vizuri. Lakini alikuwa mtoto wa ukoo wa Kiarabu uliokaa Bujumbura tangu enzi za babu yake, na katika ukoo huo mgeni hapokelewi na nyumba chafu. Mikeka hukung'utwa, na watoto hupigwa makofi ya akiba ili wasije wakafanya utundu mbele ya watu. Sasa wageni walikuwa wanakuja, tena hawakuishia sebuleni. Walikuwa wanaingia moyoni kabisa, na mashine za kuonyesha kila kitu. Wiki ile Salem alimeza vidonge mara mbili ya kawaida, akavishushia habasoda na asali.

Alifika kliniki kwa kanzu iliyopigwa pasi, kofia mpya na harufu ya udi. Muuguzi Pascaline akamvua vyote hivyo, akampa gauni lililo wazi mgongoni, na akamnyoa mahali ambapo hata kinyozi wake hakuwahi kupaona. Mrija ukaingia. Madaktari wakauchokoza moyo kwa umeme mdogo, wakauchokoza tena, wakaongeza na sindano. Moyo ukadunda taratibu kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi.

"Mzee, dawa uliacha?"

"Niliacha, daktari," alijibu Salem, kwa sauti ileile anayoapia kwamba kitenge hakitachuja.

Mwishowe wakautoa mrija. Gaspard akatoka nje kumwambia Ghanima kwamba huenda mumewe hana ugonjwa wowote.

"Iko nayo, muganga. Alimeza mbili mbili, na habasoda juu yake. Alitaka mukute kumesafishwa."

Gaspard akakaa chini. Pascaline akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Ilibaki nafasi moja tu, Ijumaa mchana, kwa sharti kwamba Salem asionje kidonge.

Ghanima alivitia vidonge kifuani mwake na kwenda kukaa dukani, nyuma ya marobota, akimlinda mumewe kama mwizi.

Alhamisi akaingia Caritas, mchuuzi wa Kinama, mnunuzi wa siku nyingi.

"Mzee Salem, iyi bei iko juu sana."

"Dada, iki ni kitenge cha kweli. We gusa tu."

"Niliisha gusa. Punguza."

Moyo ukachomoka. Salem akachomoa tasbihi, akafumba macho, na Caritas akaanza kuona haya kama kawaida. Lakini safari hii hapakuwa na dawa ya kuushika moyo lijamu. Tasbihi ikamponyoka. Salem akateleza polepole, akalala juu ya robota la vitenge. Azhar, mwenye duka la jirani, akaja mbio na maji, na nyuma yake nusu ya mtaa.

"Ni moyo!" Ghanima alipaza sauti. "Miaka yote ni moyo, haikuwa dua!"

"Yooo! Kumbe vile alikuwaka anafunga macho..." alisema Caritas.

"Kila mara, dada yangu."

Caritas akavikumbuka vitenge vyote alivyonunua kwa heshima.

Ijumaa moyo haukuhitaji kubembelezwa. Ulipoguswa tu ukatimua mbio, na Gaspard akaifuata ile njia ya panya mpaka mwanzo wake, akaichoma. Salem alihisi joto kifuani, kama chai iliyomezwa kwa pupa. Wakauchokoza tena na tena. Ulitulia, na mara hii bila udanganyifu. Kabla ya kuondoka, Gaspard aliwaagiza wenzake kwamba kwa kundi lijalo wake za wagonjwa waulizwe kwanza.

Haukupita muda mrefu Caritas akarudi dukani. Alichagua kitenge, wakaanza kupatana, bei ikakwama. Salem akanyamaza. Mkono ukaingia mfukoni, tasbihi ikatoka, macho yakafumbwa. Azhar alikuwa amesimama mlangoni mwake, akitazama.

Caritas akavuta kigoda, akakaa.

"Mzee Salem, iyo waliisha choma. Punguza."

Salem akafumbua jicho moja. Ndani ya kifua moyo ulikuwa ukidunda pole pole, sawasawa, bila msaada wowote kwake.

Akapunguza.