Injini Iliyokataa Kunyamaza

Asubuhi ile ya Pangani naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Na tangu nisikie kwamba unatafuta bloku ya injini ya gari la mashindano uipachike kwenye lile gari lako kuukuu, imekuwa ikinijia kila nikikaa peke yangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Baba yangu, Fundi Mbwana, alikuwa na gereji Ngamiani, na babu yako Salehe alijifunza ufundi kwake kabla hajanioa. Salehe alikuwa na gari la kabla ya vita, na bloku yake ikapasuka. Pale gereji zilikuwepo bloku mbili za kuliokoa gari. Moja ya kawaida, imeshika kutu. Ya pili ilitoka kwenye gari la mashindano la mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge, aliyekufa kwenye kona ya barabara ya Pangani.

Baba alizilinganisha mbele yetu. Ya kawaida, alisema, silinda zake nyembamba na nguvu zake haba, lakini hukubali petroli yoyote na mwendo wowote. Ya mashindano ina kuta nene, silinda pana, na pistoni zake hubana mno. Hutaka petroli safi, hutaka kukimbia, kisha ifunguliwe na kusafishwa. Ukiikokota nyuma ya mikokoteni sokoni, hujaa masizi. Salehe wa watu akasikia neno nguvu tu, akaipachika ya mashindano. Mimi sikuipenda tangu siku ya kwanza, maana ilikuwa ikiguna kama mtu anayesemeshwa usingizini.

Tukafunga safari kumpeleka mtoto wetu mchanga, Mwanaidi, ndiye mama yako, kwa jamaa zetu ng'ambo ya mto. Kwenye foleni ya pantoni Salehe akazima gari, akachomoa ufunguo. Injini ikaendelea. Ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, gari zima likitikisika na sisi ndani. Salehe akaukodolea macho ufunguo mkononi mwake. Watu wakasogea nyuma. Bibi mmoja mwenye kapu la nazi akaanza kusoma Ayatul Kursi polepole, macho yake hayatubanduki mimi na mtoto. Kisha injini ikazimika. Ningeshuka pale pale, lakini niliona haya.

Ndani ya pantoni, alipoizima tena, ikarudia. Salehe akatia gia ili aikabe ife, kama mafundi wafanyavyo. Badala yake gari likaruka mbele, magurudumu yakapanda juu ya gogo la kuzuilia magari. Mbele ya boneti niliona maji matupu, ya kahawia, hayana haraka. Mama yako hakulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Injini ikakohoa mara moja, ikazimika.

Mwendesha pantoni alipokwisha kutusaidia kulirudisha nyuma, aliuliza injini ile imetoka wapi. Hakungoja jibu. Alisema alikuwepo walipomtoa yule mzungu pale kwenye kona. Ufunguo ulikuwa umeshachomolewa, na gari likikohoa vivyo hivyo.

Baba alitueleza kifundi: masizi juu ya pistoni hubaki mekundu kwa moto, yakawasha petroli bila cheche ya plagi. Nilimwamini. Lakini nilimwona akifukiza ubani juu ya bloku ile kabla hajaifungua, na uso wake ulinikataza kuuliza.

Kisha akamwita Salehe.

"Ulipoijaribu, uliangalia inavyokwenda?"

"Niliangalia, baba."

"Uliangalia inavyonyamaza?"

Salehe akamkabidhi ufunguo.

"Umewapakia mwanangu na mjukuu wangu kwenye kitu usichojua kukizima."

Tukapachika ile ya kutu. Baiskeli zikawa zinatupita kwenye vilima, na wenye baiskeli wakitupungia mkono kwa kejeli, nasi tukifika.

Basi mwanangu, sikukatazi nguvu. Ila kitu chochote kikupendezacho kwa kishindo chake, kiwe injini, kiwe rafiki, iwe hasira yako mwenyewe, kabla hujampakia mtu kizime kwanza, usimame kando, usikilize. Kikiendelea, shuka. Haya isikukalishe humo kama ilivyonikalisha mimi, na mtoto mapajani. Mwenyezi Mungu akupe safari zenye kufika, na kila utakayempakia amrudishe kwao mzima. Amin.