Pumzi Mbili, Kisha Rudisha

Jina lake la kuzaliwa hata mkewe alikuwa ameshaacha kulitumia. Kila mtu alimwita Kizibo. Alikuwa fundi bomba, sasa mstaafu wa miaka sabini na moja, mwenye sikio la kushoto lisilosikia kitu tangu ujana wake. Jina hilo alibandikwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, na shemeji huyo hakuchoka kueleza lilikotoka. Harusini, msibani, sebuleni kwa watu, mpe soda tu na kiti, ataanza.

Jumamosi hiyo alianzia kando ya bwawa la kuogelea la shule, mbele ya vijana kumi na wawili waliokuwa wakijifunza kuzamia. Mwalimu wao, binti mchangamfu mwenye filimbi shingoni, alikuwa amewaalika wazee hao wawili waje kusimulia mambo ya zamani. Shemeji alikuja na mtungi wake wa kwanza wa kuzamia, umepakwa rangi upya, una mipira miwili mipya ya hewa inayokutana kwenye kipande kimoja cha mdomoni.

"Enzi zetu hakukuwa na saa ya kukuonyesha hewa imebaki kiasi gani," alisema. "Unavuta mpaka inakuwa nzito. Ikishakuwa nzito unapapasa mgongoni, unavuta waya huu, hewa ya akiba inafunguka, unapanda. Basi! Tulivaa sweta za sufu. Mikanda ya uzito aliiyeyusha huyu fundi wangu kutoka mabomba mabovu ya risasi, tena kwenye sufuria ya mama. Mama nusura atufukuze nyumbani!"

Vijana walivunjika mbavu. Kizibo naye alicheka, kwa sababu hilo la sufuria lilikuwa kweli tupu.

"Sasa siku ya machimbo," shemeji akasema, na Kizibo akaacha kucheka. Mkewe alikuwa kwenye benchi na mfuko wa taulo mapajani. Alishaanza kutabasamu kabla pahala pa kuchekea hapajafika.

Kizibo hadithi hiyo aliijua neno kwa neno. Machimbo ya mawe yaliyojaa maji, mita ishirini kwenda chini. Waya wa Kizibo ulikuwa umekwaruza mwamba ukajivuta wenyewe, akiba akaimaliza bila habari. Alipouvuta hakupata kitu. "Nikampa mpira wangu wa mdomoni," shemeji alisema. "Sheria yetu ilikuwa moja: pumzi mbili, kisha rudisha. Ningempandisha polepole kama bibi harusi. Wapi! Mwenzangu kaingiwa na kiwewe, kaniachia, katupa mkanda wa uzito, puu! Juu kama kizibo cha chupa. Sikio likapasuka hapo hapo."

Uongo. Uongo mtupu wa miaka arobaini na tatu. Kizibo alikumbuka vizuri kabisa: walibadilishana mara tatu, kisha hewa ya shemeji nayo ikawa nzito, na shemeji akaubana mpira kwa meno, akamsukuma kifuani kwa kiganja. Hakurudisha. Kizibo alipanda mita ishirini bila hewa, akipuliza mapovu na kudhani ameshakufa. Wiki mbili baadaye alikuwa aende kuposa, na kaka wa msichana, huyu huyu shemeji, ndiye angeikubali posa au kuizuia. Akanyamaza. Mwaka mmoja ukawa miwili, na ukimya nao una mazoea yake. Kilichomuuma hakikuwa sikio. Kilimuuma kwamba mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja alimjua kuwa mume mwoga, mzuri lakini mwoga.

"Hebu tuonyesheni!" mwalimu akasema. "Kwenye kina cha mita nne tu. Mtungi mmoja, watu wawili."

Shemeji alimtazama Kizibo, mara moja, kisha akatazama pembeni. "Yeye daktari wake..."

"Daktari alikataza kina kirefu," Kizibo alisema. "Bwawa ni ruksa. Tuingie, shemeji. Au unaogopa?"

Mkewe akacheka. "Loo! Leo kageuka simba!"

Walipiga magoti chini kabisa, uso kwa uso, na mtungi mgongoni mwa shemeji. Kizibo hakuwa na hewa yoyote isipokuwa ile atakayopewa. Shemeji akavuta mbili, akampa. Kizibo akavuta mbili, akarudisha. Shemeji akavuta moja. Mbili. Tatu. Kifua cha Kizibo kikaanza kuwaka, na kiganja kile akakisubiri kifuani. Hakikuja. Mpira ukaja.

Akavuta mbili. Na hapo Kizibo hakurudisha.

Akavuta ya tatu, ya nne. Naye aonje, alijiambia, na utamu wa hasira hiyo ulimtisha mwenyewe. Shemeji angeweza kupanda, mita nne si kitu. Hakupanda. Hakunyoosha mkono. Aliweka viganja vyote viwili magotini, akamkazia macho nyuma ya kioo cha miwani, akangoja. Mapovu yake yakaisha. Koo lake likaanza kuruka-ruka. Kizibo akaona mzee wa miaka sabini na minne anayejiachia afe mbele ya dada yake, akashikwa na hofu kubwa kuliko ile ya machimbo. Alimsokomeza mpira mdomoni kwa mikono miwili, akamshika kwapani, wakapanda.

Shemeji alikohoa hadi machozi yakamtoka. Vijana walipiga makofi.

"Acheni hayo makofi," alisema. Aling'ang'ania ukingo wa bwawa. "Siku ile ya machimbo sikumrudishia. Sikilizeni vizuri. Yeye hakukimbia. Mimi ndiye niliyeogopa, nikamsukuma, na nimekula sifa zake mpaka leo."

Mwalimu alishika filimbi yake tu. Mke wa Kizibo alikuwa ameinuka, taulo zimemwagika miguuni. Hakumwangalia kaka yake hata kidogo. Alifika ukingoni, akachuchumaa karibu na mumewe.

"Ni kweli?"

"Kweli."

"Mbona hukuniambia?"

"Ni kaka yako. Wakati huo sikutaka kukukosa. Baadaye... baadaye ilikuwa imeshakuwa hadithi ya kuchekesha."



"Nilikuwa nacheka," mkewe alisema. "Kila alipoisimulia, nilikuwa nacheka. Na wewe umekaa hapo hapo unaniangalia."