Siku Mama Alipoandikwa

Juzi mnadani Mtinko niliona mbuzi akikatwa sikio kutiwa alama, nikajikuta nimeshika masikio yangu. Na umri huu!

Mimi na mama tulikimbia vita, tukaangukia kwa mkulima mmoja, Njiku; mimi nilikuwa mtoto mdogo. Simwiti mzee, hakustahili. Alitulimisha alizeti zake kwa ugali tu, akisema sisi ni watu wake. Mchana mmoja ukanuka mvua, akaja mtendaji wa kijiji na daftari, kuandika kaya za wakimbizi wapewe mashamba yao. Mimi nikajua anakuja kutukata masikio, maana kila mnyama wa Njiku alikatwa sikio. Nikajificha nyuma ya mama.

"Mkuu wa kaya?" mtendaji akauliza.

"Niandike mimi," Njiku akasema. "Hawa wa kwangu."

"Wa kwako tangu lini?" mama akamgeukia. "Ulinizaa? Mtendaji, andika Venansia."

Jina hilo sikuwahi kulisikia. Kwa Njiku aliitwa "wewe". Mtendaji akacheka, akaandika. Nikatoka mbio hadi barabarani, nikimwambia kila niliyekutana naye, hata nisiyemjua: "Mama yangu anaitwa Venansia! Tuna shamba!"