Zana Niliyoipa Tano Juu ya Tano

Mtanicheka, na nimeshajiandaa, maana mtu aliyewaita watu kwenye msiba wa mwanamume mzima mwenye afya zake, tena saa nne asubuhi, hana haki ya kununa.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya malori hapa Tunduma, na mwaka huu bosi alituletea msaidizi wa akili mnemba, yaani programu unayoiandikia kwa Kiswahili chako cha kawaida ("lori la fulani liko wapi?") nayo inachagua yenyewe zana ya kufanyia hiyo kazi kati ya zana kumi na mbili ilizopewa. Inachaguaje? Inasoma maelezo mafupi ya kila zana, basi, haina kingine. Ndiyo maana bosi akanipa karatasi akasema, "Tumaini, yapime haya maelezo. Jifanye mgeni ambaye hajawahi kukanyaga hapa, jaribu kila zana kwa dereva wa uongo, ndipo utoe alama." Mimi mgeni wapi, miaka sita nipo pale! Nikasoma harakaharaka huku natafuna muhogo, nikagonga tano, tano, tano, mpaka chini, na sikujaribu hata moja.

Mojawapo ilikuwa imeandikwa, "Hutuma ujumbe kwa ndugu wa dereva." Tano. Ofisi nzima tunajua hiyo ni ya siku mbaya tu, na ina maneno yake yaliyopangwa tayari, kwa hiyo nikaona maelezo yanatosha (kumbe nilikuwa napima ninachokijua mimi, siyo kilichoandikwa).

Wiki iliyofuata dereva wetu Sichone akatuma ujumbe kwa simu ya mwenzake kutoka upande wa Zambia, kwamba amekwama kwenye mizani ya malori, na mama yake kule Hasamba kampikia, aambiwe asimsubiri mchana. Ningepiga simu mwenyewe yakaisha, lakini nikajiona wa kisasa, nikamwandikia msaidizi, "Wajulishe kwao Sichone kwamba atachelewa." Akajibu, "Tayari, ndugu wametumiwa ujumbe." Nikaufungua, nikausoma mara mbili. "Ndugu wa Sichone, mnaombwa kufika ofisini haraka. Njooni watu wazima wawili au zaidi."

Nani kwetu haelewi maneno hayo? Hakuna anayetangaziwa kifo kwa simu, unaitwa tu, unaambiwa uje na mtu. Nikampigia mama yake Sichone, hapokei. Nikampigia Sichone, imezimwa (akivuka huwa anaweka laini ya Zambia), na yule mwenzake hapatikani. Nikafungua ramani, lori lake limesimama tangu alfajiri, halisogei hata hatua (mizani ndivyo ilivyo, lakini uuambie moyo!), na hapo hofu yenyewe ikaniingia, nikaanza kuwaza, je, kama mashine imejua jambo ambalo mimi silijui? Nikaogopa hata kuitazama kompyuta.

Saa saba gari la kukodi likasimama mlangoni. Akashuka mama yake Sichone, kanga kiunoni, miguu mitupu, na baba yake mdogo Sichone, na akina mama watano wa kanisani na sufuria kubwa la msibani. Kilio kikaanza palepale, madereva na wabadilisha fedha wakajaa mlangoni, mmoja akavua kofia, na mimi mtu mzima nikajibanza nyuma ya mashine ya fotokopi hadi nilipovutwa mkono.

"Mama, mwanao mzima, ni mashine imekosea," nikasema.

Baba mdogo akanishika bega. "Dada, sisi ni watu wazima, usituzungushe. Mwili uko wapi?"

Mama akateleza ukutani mpaka chini, mkono kifuani, pumzi inakwenda juujuu, na wenzake wakaniambia ana presha. Nikasema moyoni, leo nimeua. Nilikuwa nampepea, nasali, simu ikaita. Sichone! Nikamweleza harakaharaka, nikamwekea mama sikioni.

"Mama, ni mimi, niko njiani nakuja."

Akasikiliza, akanirudishia simu. "Siku hizi mashine zinaiga sauti," akasema. "Mmemtengeneza."

Na kweli zinaiga. Basi tukakaa sakafuni, yeye na mimi, saa tatu nzima, kila pumzi yake naihesabu.

Saa kumi Sichone akaingia. Mama akamshika uso, akamvua kofia, akatafuta kovu la utotoni nyuma ya sikio, alipoliona ndipo akalia kwa sauti. Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bado naogopa kila ninapopewa maelezo ya zana kupima, na sasa najaribu moja moja, hata ikinichukua wiki. Ile ya ndugu wa dereva niliomba ifutwe kabisa. Maana mama, akiwa anaondoka, alinishika mkono akaniambia taratibu, "Mwanangu, siku ikiwa kweli, usinitumie hicho kitu chako. Njoo mwenyewe." Nikamwahidi, na sasa kila Sichone anapovuka mpaka, naomba nisije nikaitimiza ahadi hiyo.